Kutafuta Hitilafu ya Mtandao wa Waya: Je, ni Kazi ya Fundi au ya Mwalimu?

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi yenye chumba cha kompyuta hana budi kujiandaa kukuta mashine kongwe. Aghalabu ni kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika shuleni, zenye masanduku mazito ya chuma, na zilizoungwa kwenye mtandao kwa waya unaopita ukutani au chini ya meza. Huenda akakuta pia, juu ya mojawapo, kipande cha karatasi kilichoandikwa maneno mawili: "Haina mtandao." Karatasi hiyo huwa imekaa hapo siku nyingi hata wino umepauka. Ukiuliza ni nani aliyeichunguza mashine, utajibiwa kwamba fundi anangojwa.

Makala haya yanahusu karatasi hiyo. Rai yangu ni kwamba kutafuta hitilafu ya mtandao wa waya ni kazi ya mwalimu kabla ya kuwa kazi ya fundi. Sababu yake si kuokoa fedha za shule tu, ijapokuwa hilo nalo ni jema. Sababu kubwa ni kuwa utaratibu wa kutafuta hitilafu ni utaratibu wa kufikiri, na mwalimu asiyeuzoea mbele ya mashine atapata taabu kuutumia mbele ya mtoto. Nitaanza kwa kueleza kosa langu mwenyewe, maana wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha Darasa la Sita katika shule ambayo sitaitaja jina. Chumba chetu kilikuwa na kompyuta 8, zimepangwa safu mbili zinazopeana migongo, hivyo kwamba aliyeketi upande mmoja aliweza kuona nyuma ya mashine za upande wa pili. Siku moja mashine iliyotumiwa na msichana mmoja ilikatika mtandao katikati ya kipindi. Nilimwuliza amefanya nini. Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, sikugusa kitu. Ila taa ile ya kijani ya nyuma imezimika."

Nilikuwa nimekwisha kuwaonya wanafunzi wasishike nyuma ya mashine. Kwa hiyo jibu lake nililiona kuwa ndilo ushahidi wa kumtia hatiani: kama hakushika nyuma ya mashine, habari za taa ya nyuma alizipata wapi? Nilimtoa chumbani, nikamkataza kuingia mpaka fundi atakapokuja. Akawa anaketi barazani na daftari lake wakati wenzake wakijifunza ndani. Hali hiyo iliendelea kwa wiki tano.

Fundi alipofika, alikuja kwa ajili ya mashine ya kuchapa, wala si kwa ajili ya mtandao. Aliiona karatasi, akainama, akausukuma waya kwa kidole. Taa ya kijani ikawaka. Kilimi cha plastiki kinachoshika plagi ndani ya tundu kilikuwa kimevunjika zamani, na kila meza iliposogezwa kidogo waya ulivutika ukalegea. Yule msichana, kabla ya siku ile, alikuwa akiketi safu ya pili. Taa aliijua kwa sababu alikuwa akiiona kila siku.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa zima. "Haidhuru, Mwalimu," akasema. Hata hivyo mwaka ule ukaisha bila mtoto yule kunyosha mkono tena kunieleza jambo aliloliona kwa macho yake. Plagi ilirudishwa mahali pake kwa kidole kimoja, lakini imani ya mtoto sikuweza kuirudisha kwa njia hiyo. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikuinama. Jibu ni kwamba sikujua pa kuanzia, na asiyejua pa kuanzia huona ni rahisi zaidi kumtafuta mkosaji kuliko kutafuta kosa.

Mtandao wa waya ulivyo

Ili mwalimu ajue pa kuanzia, yampasa kwanza ajue njia yenyewe inapita wapi. Namna hii ya kuunganisha kompyuta huitwa Etheneti. Ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe, akisaidiana na David Boggs, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Katika mitandao ya awali ya aina hiyo mashine zote zilining'inia kwenye waya mmoja mnene. Waya huo ukikatika mahali pamoja, mashine zote zilitaabika, na kupata mahali penye kasoro kulikuwa kazi ngumu.

Mwaka 1990 kilitolewa kiwango cha kutumia nyaya nyembamba zilizosokotwa mbilimbili, kila mashine ikiwa na waya wake unaokwenda mpaka kwenye kisanduku cha katikati. Kisanduku hicho siku hizi huwa ni swichi ya mtandao, nacho kina matundu mengi yanayopokea nyaya za chumba kizima. Swichi nayo imeungwa na ruta, ambayo ndiyo lango la kutokea nje ya shule.

Tazameni faida ya mpango huu kwa mwenye kuchunguza. Kwa kuwa kila mashine ina waya wake, ugonjwa wa mmoja hauwi ugonjwa wa wote. Hivyo swali la kwanza la uchunguzi limekwisha kutolewa na umbo lenyewe la mtandao: je, ni mashine moja iliyokatika, au ni zote?

Utaratibu wa kuchunguza

Kanuni ni kuanza na kilicho karibu na kilicho rahisi, kisha kwenda mbali hatua kwa hatua, bila kuruka hatua hata moja.

Kwanza, mwalimu aulize swali hilo nililolitaja. Ikiwa mashine zote zimekatika, asipoteze muda kuhangaika na mmoja wa wagonjwa. Aende kwenye swichi na ruta. Mara nyingi atakuta swichi haina umeme kwa sababu mtu ameichomoa ili achaji simu yake. Ikiwa swichi na ruta ni nzima na bado shule nzima haina mtandao, huenda tatizo liko nje kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na mtandao ukazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo. Siku kama hiyo hakuna mwalimu wala fundi wa shule awezaye kufanya lolote, ila aliyefuata utaratibu atalijua hilo upesi na kuendelea na somo jingine kwa utulivu.

Pili, ikiwa ni mashine moja tu, azitazame taa ndogo zilizo pembeni ya tundu la waya, nyuma ya kompyuta na kwenye swichi pia. Taa ikiwaka ncha zote mbili, ni dalili kwamba mashine na swichi zimeonana. Isipowaka, kwa kawaida hakuna haja ya kuanza na programu, kwa sababu mara nyingi tatizo liko kwenye waya, kwenye tundu, au kwenye kadi ya mtandao. Kwa kuitazama taa hiyo tu, mwalimu amekwisha kuigawanya njia nzima katika sehemu mbili, na sehemu moja ameiweka kando.

Tatu, auchunguze waya. Ausukume ndani mpaka asikie mlio mdogo wa kilimi kikishika. Aufuate kwa mkono kutoka ncha hadi ncha, akitafuta mahali ulipokunjwa sana, ulipokanyagwa na mguu wa meza, au ulipotafunwa na panya. Kisha achukue waya wa mashine inayofanya kazi, auweke hapa. Mashine ikipata mtandao, waya wa kwanza una kasoro. Isipopata, na waya huo ujaribiwe kwenye tundu jingine la swichi, kabla ya kuishuku kadi iliyomo ndani ya kompyuta.

Hapa kuna mambo mawili yanayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Waya wa mtandao una nyuzi 8 zilizosokotwa katika jozi 4. Mtandao wa kasi ya biti milioni 100 kwa sekunde, ambao ndio uliozoeleka kwa kompyuta kongwe, hutumia jozi mbili tu, yaani nyuzi zilizo kwenye nafasi ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. Mtandao wa kasi ya biti bilioni moja hutumia jozi zote 4. Kwa hiyo waya uliokatika uzi mmoja wa kahawia waweza kuifaa sana kompyuta kongwe, na ukaisumbua mpya au kuipunguza kasi. Anayesema "waya huu ni mzima, nimeujaribu" yafaa aulizwe ameujaribu kwa mashine gani.

Jambo la pili ni mpangilio wa nyuzi kwenye plagi. Mpangilio mmoja unaotumika sana ni huu: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Anayejifunza kufunga plagi hushawishika kupanga jozi zifuatane moja baada ya nyingine, kwa kuwa hivyo ndivyo macho yanavyopendezwa. Akifanya hivyo ncha zote mbili, kila uzi utapitisha umeme kutoka mwanzo hadi mwisho, na kile kipimo cha bei nafuu chenye taa 8 kitawasha taa zote. Hata hivyo mtandao utasuasua, kwa sababu nafasi ya 3 na ya 6 zilipaswa kuwa za jozi moja iliyosokotwa pamoja, nazo sasa zimetenganishwa, hivyo mawimbi ya jozi moja yanaingilia ya nyingine. Kipimo kimeuliza swali jepesi, kikapewa jibu jepesi. Ndivyo ilivyo kwa mwalimu anayeuliza, "Mmeelewa?" darasa zima likaitikia, "Ndiyo, Mwalimu!" naye akafunga kitabu.

Nne, taa zikiwaka na mtandao bado haupatikani, ndipo mwalimu ahamie ndani ya mashine. Atazame kwanza kama kadi ya mtandao imezimwa, au kama ina alama ya njano ya kuonyesha kwamba programu yake ya kuiendesha imekosekana. Kisha aitazame anwani ya mashine. Katika mashine zinazotumia Windows, amri ya ipconfig itamwonyesha. Anwani ikianza na 169.254, maana yake ni kwamba kompyuta iliomba kupewa anwani, haikujibiwa, ikajitungia yake. Ikiwa anwani ni ngeni kabisa, haifanani na za jirani zake, huenda mashine imekuja nayo kutoka ofisi ilikotumika zamani. Hili si jambo la ajabu kwa mashine za msaada, na dawa yake ni kuiagiza mashine ipokee anwani kutoka kwa ruta kama wenzake.

Tano, apige hodi. Ipo amri iitwayo ping, ambayo hupeleka ujumbe mfupi kwenye anwani fulani na kungoja kuitikiwa. Apige hodi kwanza kwenye 127.0.0.1, yaani mashine ijipigie hodi yenyewe. Jibu lake halithibitishi uzima wa waya wala wa kadi, ila linaonyesha kwamba programu za mtandao zilizomo ndani zinafanya kazi. Halafu apige hodi kwa mashine ya jirani, kisha langoni kwa ruta, kisha kwenye anwani ya mbali kwa namba zake, na mwisho kwa jina. Mahali jibu linapokoma ndipo pa kuchunguza. Namba ikiitika na jina lisiitike, mtandao upo, ila huduma ya kutafsiri majina kuwa namba ndiyo iliyokwama. Akumbuke tu kwamba baadhi ya mashine zimeamriwa zisiitikie hodi. Ukimya wa nyumba moja si ushahidi kwamba kijiji kizima kimehama.

Maradhi ya uzee

Kompyuta kongwe ina maradhi yake, nayo humdanganya hata mchunguzi mzuri. Ugonjwa ulio maarufu ni wa saa. Ndani ya sanduku kuna betri ndogo ya duara, aghalabu ya aina ya CR2032, inayotunza tarehe wakati mashine imezimwa. Betri hiyo ikifa, mashine huamka kila asubuhi ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Taa zinawaka, anwani ni sahihi, hodi inaitikiwa, lakini karibu kila ukurasa unakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Sababu ni kuwa kurasa za siku hizi huonyesha hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine inayoamini kwamba leo ni mwaka 2005 huziona hati zote kuwa za wakati usiofika. Dawa ni betri mpya na kurekebisha tarehe.

Ugonjwa mwingine hautibiki kwa urahisi hivyo. Tarehe 30 Septemba 2021 hati moja ya msingi iliyotegemewa na tovuti nyingi ilikwisha muda wake, na vyombo vya zamani ambavyo programu zake hazikuwa zimesasishwa vikaanza kuzikataa kurasa zilizofunguka jana yake. Kadhalika, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mashine zenye programu hizo zaweza kuungwa pamoja ndani ya chumba na kuwafaa watoto kwa mazoezi mengi, lakini si mahali pa kuweka kumbukumbu za wanafunzi wala maneno ya siri ya walimu. Kuujua ukomo wa mashine nako ni sehemu ya uchunguzi.

Kutoka kwenye waya hadi kwenye daftari

Sasa nirudi kwenye dai langu kwamba utaratibu huu humfaa mwalimu hata katika shule isiyo na kompyuta hata moja. Chukueni daftari la mtoto wa Darasa la Tatu. Ameandika hivi: 52 kutoa 27 ni 35. Chini yake ameandika 81 kutoa 46 ni 45. Chini yake tena, 40 kutoa 16 ni 36. Mwalimu mwenye haraka atatia mikasi mitatu na kuandika "Ongeza bidii." Hiyo ni ile karatasi yetu ya "Haina mtandao," imebandikwa juu ya mtoto.

Mwalimu mchunguzi ataona kwamba majibu yote matatu yamezidi yaliyo sahihi, na kosa si la kubahatisha. Kila mahali mtoto ametoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa bila kujali ipi iko juu. Lakini asiamini dhana yake kabla ya kuijaribu. Ampe swali lisilohitaji kuchukua kumi, mathalani 58 kutoa 23. Mtoto akipata 35, imethibitika kwamba kutoa anakujua, nafasi za makumi na mamoja anazijua, na hitilafu iko mahali pamoja tu: kuchukua kumi. Swali hilo ni ule waya mzima tulioazima kwa jirani. Limeondoa shaka juu ya sehemu kubwa ya njia, na sasa mwalimu anajua pa kufundisha. Asipolitoa, atarudia somo zima la kutoa, mtoto atachoka, na kosa litabaki pale pale.

Pia hapa, kama kwenye mashine, mtu asibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwalimu aliyebadilisha waya, akawasha upya ruta, na kurekebisha anwani kwa pamoja, mtandao ukirudi hajui ni kipi kilichouponya, na kesho ukikatika ataanza upya. Vivyo hivyo aliyemhamisha mtoto kiti, akambadilishia kitabu, na kumpa mwalimu wa ziada, hawezi kujua mtoto amesaidiwa na nini.

Jinsi ya kulifundisha

Napendekeza kila mwanachuo ajaribu somo lifuatalo akiwa chuoni, kabla hajakwenda kulifundisha kwa watoto. Mkufunzi aiharibu mashine moja kwa makusudi, kwa namna isiyoidhuru: alegeze plagi, au aizime kadi ya mtandao, au arudishe saa nyuma miaka 10. Wanachuo wanne wapewe mashine hiyo na ukurasa wa daftari wenye safu nne: Tulichokiona, Tunachodhani, Tulichojaribu, Kilichotokea. Sharti ni moja, nalo lisilegezwe: mkono usiguse kitu chochote mpaka safu ya pili imeandikwa. Mtu aliyelazimika kuandika dhana yake kabla ya kuijaribu hawezi kujidanganya baadaye kwamba alijua tangu mwanzo.

Kwa watoto, somo lianze bila mashine. Mmoja awe kompyuta, mwingine swichi, mwingine ruta, na barua zipite mikononi mwao kwa kamba zilizofungwa kutoka dawati hadi dawati. Mwalimu akate kamba moja kwa siri, halafu watoto watafute palipokatika kwa kuulizana tu, bila kuondoka mahali pao. Watagundua wenyewe kwamba yafaa kumwuliza aliye katikati mapema, kwa kuwa jibu lake huondoa nusu ya njia.

Usalama usisahauliwe. Mtoto asifungue sanduku la kompyuta. Mwalimu akilifungua ili kubadilisha betri au kukaza kadi, achomoe kwanza waya wa umeme, na kile kisanduku cha kugawa umeme kilichomo ndani asikifungue kamwe. Umeme wa volti 230 haubagui mwalimu na fundi.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba mwalimu si fundi, na kwamba mzigo wake umekwisha kuwa mzito. Nakubali kwamba mzigo ni mzito. Lakini simwombi mwalimu atengeneze kila kitu. Namwomba aweze kumwambia fundi, "Mashine moja tu imekatika, taa haiwaki, nimejaribu waya mwingine na tundu jingine la swichi, bado." Sentensi hiyo humwokolea fundi kazi nyingi, nayo huionyesha shule kwamba aliyeinena alifikiri.

Wengine watasema kwamba siku hizi watu hutumia simu na mtandao usio na waya, basi kwa nini tujisumbue na mashine za zamani? Kwanza, mashine hizo ndizo shule nyingi zilizo nazo, na baadhi yake hazina chombo cha kupokea mtandao wa hewani. Pili, na hili ndilo kubwa kwa mwalimu, waya waonekana. Mtoto anaweza kuufuata kwa kidole kutoka mashine hadi swichi, akaona ujumbe unapopita na unapokwama. Sisi wenyewe huwafundisha wanachuo kuanza na kinachoshikika kabla ya kwenda kwenye kisichoshikika; tunahesabu vijiti kabla ya tarakimu. Waya ni kijiti cha mtandao.

Wa tatu hawasemi, lakini wapo. Ni walimu wanaoona haya kupiga magoti chini ya meza mbele ya wanafunzi, wakichelea kuonekana hawajui. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nimekwisha kueleza gharama ya haya yangu ililipwa na nani.

Hitimisho

Ndugu wanachuo, mtakapofika katika shule zenu za mazoezi, itafuteni mashine yenye karatasi. Msiibandue karatasi kabla ya kuchunguza, wala msianze kwa kuuliza ni nani aliyeiharibu. Waulizeni watoto wanaoketi karibu nayo wameona nini, na waliyoyasema yaandikeni katika safu ya kwanza kama walivyoyasema. Kisha inameni, mtazame kama taa ya kijani inawaka.